Nilimwombea Mzee Otto kwa Kumtaja Jina

Februari 2008 alifariki mzee niliyekuwa nikimtunza hapa Toronto. Alikuwa na rafiki mmoja tu duniani, na rafiki huyo nilimpotezea mimi. Nimekosa, sitaki kujitetea.

Mimi ni mkimbizi kutoka Kongo mashariki, kazi yangu ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee. Mzee Otto alikuwa Mjerumani wa miaka tisini na nne. Kila alasiri alicheza karata na Mzee Leo, Myahudi aliyekimbia Ujerumani akiwa mtoto. Walivyotaniana!

"Otto, unaiba!"

"Naiba kwa sababu huoni!"

Siku moja nikimwosha miguu, Otto alinieleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Ujanani mwake nchi yao ilikuwa imeshindwa Vita vya Kwanza vya Dunia, ikapata serikali ya kuchaguliwa. Baba yake aliiita serikali ya wasaliti. Otto na wenzake walivaa mashati ya rangi moja, wakavamia mikutano, wakapiga watu, Wayahudi hasa.

"Serikali ile ilikuwa changa, binti, kama mtoto anayejifunza kutembea. Sisi tukaipiga ngwala, tukacheka ilipoanguka. Tulitaka mtu mmoja tu wa kutuamrisha." Akalia. "Jumapili nipeleke kwa Leo. Nataka asikie kutoka kinywani mwangu."

Nikaahidi.

Jumamosi tulikuwa na maombi ya akina mama, kwenye maghorofa ya Kingsview Village. Kwetu kila mmoja hutoa hitaji lake. Nikasema nina mzee mwenye mzigo mzito.

"Mzigo gani?" akauliza Mama Neema. Tulifanya kazi mahali pamoja, yeye jikoni.

"Mungu anaujua."

"Mungu anaujua, sisi je? Tutaombaje gizani, dada?"

Wakacheka. Nami, ole wangu, nikasema yote, hata jina nikalitaja! Tukamwombea kwa machozi. Nilirudi nyumbani nikijiona nimetenda jema.

Kesho yake Mama Neema aliingia zamu ya asubuhi. Mimi nilipofika mchana, jiko zima lilikuwa linajua, na wazee pia. Nilimsukuma Otto kwenye kiti chake cha magurudumu hadi chumbani kwa Leo. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Nimeshaambiwa!" Leo akapaza sauti kutoka ndani. "Miaka minne tunakula meza moja, leo naambiwa na mpishi!"

Otto hakunigombeza. Aliniangalia tu. Afadhali angenitukana! Hakushika karata tena, chakula akawa anakisukuma pembeni. Wiki ya tatu akafa.

Ndugu zangu, hasa sisi wa vikundi vya maombi, mtu mwenye siri mwombeeni kimya. Na anayetaka kutubu mwenyewe, msimtangulie. Mkishasema ninyi, yeye hana tena la kusema.

Baada ya mazishi Mzee Leo aliniita.

"Siku ile alikuja kuniambia mwenyewe?"

"Ndiyo, baba. Alikuwa amejiandaa."

"Ningemfukuza," akasema. "Lakini ningemsikiliza kwanza."