Kipipa cha Zeituni cha Mama Mkwe

Asubuhi ile ya forodhani haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nimezeeka na mengi nimeyasahau. Nilikuwa bibi harusi bado, nimetoka kwetu Marui kuolewa Mlandizi na Shomari, mwenye kiduka. Waingereza ndio waliokuwa wakitawala.

Mama yake Shomari, Bi Mwanahawa, aliugua akaacha kula. Uji aliusukuma kando, samaki hakutaka hata kumwona. Kisha akasema anatamani zeituni, kama zile alizokula alipokwenda kuhiji na marehemu mumewe. Shomari alimpenda mama yake mno. Akaagiza kipipa kimoja kupitia kwa wakala wa Dar es Salaam. Tulipopata habari kwamba kimefika, mama akasema naye atakwenda, abadilishe hewa. Tukapanda garimoshi Ruvu, yeye kaniegemea begani.

Forodhani tukakuta karatasi ya kipipa imelowa, maandishi hayasomeki.

"Zimehifadhiwa kwa maji ya chumvi tu, au zimeshaandaliwa kuliwa?" karani akauliza. "Ushuru wake si mmoja. Zilizoandaliwa zinatozwa zaidi."

Wakala, aliyekuwa ametupokea pale, akamnong'oneza Shomari aseme za chumvi tu. Nilijua alichokuwa nacho Shomari mfukoni kisingetosha ushuru ule mkubwa. Nikamwona mume wangu anafungua mdomo aseme hivyo.

Bi Mwanahawa akainama. Kifuniko kilikuwa kikivuja kidogo. Akachovya kidole, akaonja.

"Baba," akamwambia karani, "humu mna siki, mafuta na kitunguu saumu. Mpishi kashamaliza kazi yake."

Karani akafungua, akahakikisha, akaandika hivyo. Shomari akatoka, akaenda kuuza saa yake ya mkononi, ile aliyoivaa siku ya harusi yetu, ndipo tukakabidhiwa mzigo.

 Ndani ya garimoshi Shomari akasema, "Mama, nilitaka kufanya vile kwa ajili yako."

"Najua, baba. Ndiyo maana nikasema. Uongo uliosemwa kwa ajili yangu ningeumeza vipi?"

Shomari akalia, mtu mzima yule. Mama akamfuta machozi kwa ncha ya khanga, akatoa zeituni moja, akamlisha yeye kwanza. Kisha akala yake, akaomba nyingine. Nikageukia dirishani wasinione nami nalia, maana tulikuwa tumeshaanza kukata tamaa.

Mwanangu, utafanya kazi, utafanya biashara, utakuwa na watu wako wa kuwalisha. Kuna siku utashawishika kudanganya, na utajiambia ni kwa sababu unawapenda. Siku hiyo jiulize kama ungeweza kuwaeleza wao wenyewe ulivyokipata chakula hicho. Kama huwezi, kiache. Rudi nyumbani mikono mitupu, wanaokupenda watakupokea.

Mwenyezi Mungu akupe riziki ya halali, mwanangu, na akujaalie watu wa kukaa nao mkila pamoja. Amina.