Mama wa Ugoro

Tangu muuza ugoro aondoke, asubuhi za Kabondo hazina tena kishindo cha kinu chake, na Nyota, muuguzi aliyekuwa jirani yake, huamka akikisikiliza bure. Anaikumbuka mikono ile ya rangi ya kahawia, ikiinyunyizia tumbako maji ya mto, ikiifunga kwenye majani mabichi na kuiacha ivunde kando ya jiko. Kabla ya kuuza, mama yule alitia kidogo ndani ya mdomo wa chini, akafumba macho, akasema, "Bon, imeiva." Siku Nyota alipoona kidonda kwenye ufizi wa mama huyo, alimwambia, "Mama, ile maji na joto inazalisha mikrobe, vidudu vidogo, na mikrobe inaongeza sumu ya tumbako. Ni vile kansa inaanzaka. Wacha kuonja." Mama akacheka, kiganja kikiufunika mdomo. "Mikrobe? Na mie nilizania ni utamu! Alors, niuzishie watu kitu sijaonja?" Akachota ugoro mwingine, akautia upande wa pili, usio na kidonda. Sasa yuko Yanonge kwa binti yake, kipande cha taya kimekatwa, na anakunywa uji tu.