Wino wa Muhuri kwenye Kidole cha Katungu

Nilipokuwa mtoto niliwadanganya watu wazima kwa kidole, na kidole chenyewe hakikuwa changu peke yangu. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na mengine nitajitetea. Mimi si mtu wa masomo mengi, niliishia mwaka wa tatu wa sekondari, lakini kanisani tulifundishwa kwamba dhambi ikiungamwa nusu inabaki nzima. Kwa hiyo nitaisema yote.

Tulikuwa tunakaa hapa Bunia. Wazazi wangu walitoka Butembo kutafuta maisha: Mama alikuwa ananunua maharagi kijijini Marabo na kuyauza sokoni, Baba alikuwa karani wa kanisa. Mimi ni Masika, mtoto wao wa kwanza. Nyuma yangu alikuja Katungu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka minne, mimi tisa. Katungu alikuwa na macho makubwa yenye kumetameta. Jirani yetu mmoja aliyefuga ng'ombe alisema ni macho ya ndama, na kwake hakuna sifa iliyopita hiyo.

Tulikaa pia na mama yake Baba. Tulimuita Koko. Koko alikuwa mtu wa ibada kama sisi sote, hakosi Jumapili, ila kulikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuuachia Mungu peke yake. Ni surua. Jina lenyewe hakulitaja. Alisema "mugeni". Ikisikika kwamba mgeni ameingia mtaa fulani, Koko alimwaga majivu kwenye kizingiti cha nyumba, akatufunga mimi na Katungu kamba ya mgomba kiunoni, chini ya nguo. Na neno lake, kwetu na kwa majirani, lilikuwa moja:

"Mugeni anahesabiaka milango. Akikuta mutoto ametobolewa na chuma, anakasirika. Hatokee tena ku ngozi. Anatokea ku macho."

Nikiwa mtoto nilidhani Koko anapenda tu kututisha. Baadaye sana ndipo Baba aliniambia kwamba Koko aliwahi kuzika watoto watatu katika msimu mmoja wa surua, na wa mwisho alikuwa amepigwa sindano siku moja kabla. Basi hofu yake ilikuwa na makaburi yake.

Mwaka ule vita ilikuwa imepoa kidogo, watu wa chanjo wakatangaza kwa kipaza sauti kwamba watakuja kuchanja watoto kwenye baraza ya kanisa. Mama hakupenda kushindana na mama mkwe wake. Aliniita nyuma ya jiko akaninong'oneza:

"Masika, kesho batu ba chanjo batakuwa ku kanisa. Mimi niko naenda Marabo. Upeleke mudogo yako, na weye pia. Koko tutamwambia nyuma, ikiisha. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

Nilimpeleka kweli. Nilimshika Katungu mkono tukapanga mstari. Mbele yetu watoto walikuwa wanalia kama mbuzi wa sikukuu. Muuguzi alitoa chupa kwenye sanduku la barafu, akavuta dawa, na mimi nikaiona ile sindano inang'aa. Hapa ndipo niseme ukweli: sikufikiri juu ya Koko hata kidogo. Sikufikiri juu ya mgeni wala macho. Niliogopa sindano, basi. Imani ya Koko niliichukua baadaye, ili nipate mahali pa kujifichia.

Nikaona jambo lingine. Kila mtoto akishachomwa, walimpaka wino wa urujuani kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ili yule atakayepita nyumba kwa nyumba ajue huyu tayari. Na wino ule niliujua. Ulifanana kabisa na wa Baba, ule wa kisanduku cha bati ambao alikandamizia muhuri wa kanisa kwenye karte za ubatizo. Nilimvuta Katungu tukatoka kwenye mstari, tukarudi nyumbani, nikafungua kabati.

Nilikandamiza kidole chake kwanza, kisha changu.

"Haiume hata," Katungu alisema, akacheka.

Siku nzima alizunguka mtaa akionyesha kidole chake kwa kila mtu, kama bibi harusi na pete. Alasiri kijana wa chanjo akapita. "Tuone vidole." Tukanyoosha. Akaandika kwa chaki kwenye mlango wetu kwamba nyumba hii imekwisha. Mama aliporudi kutoka Marabo, vumbi bado kichwani, aliona chaki, akaona vidole, akasema Mungu asifiwe. Mimi nilisema amina.

Aliyenikamata ni Koko. Alikuwa anamuosha Katungu, akaona sabuni inaondoka na rangi. Aliniita. Alilowanisha kidole gumba kwa mate, akasugua kidole changu mara moja tu. Kikabaki cheupe.

"Nani alikupaka hii?"

"Ni muganga, Koko."

"Wino ya muganga haitokake na mate." Aliniachia kidole. "Mimi sipendake chuma, lakini sikukuambia udanganye mama yako. Sikia, mutoto. Mugeni akikuja, yeye haangaliake kidole."

"Utamwambia Mama?"

Koko aligeuka akaangalia majivu yake pale kizingitini. "Chuma haikuingia," alisema polepole, kama anajiambia mwenyewe. Hakumwambia Mama. Na mimi kesho yake asubuhi nikafungua tena kabati, nikarudisha wino kwenye vidole vyote viwili. Mara ya kwanza ilikuwa woga. Mara ya pili sina jina la kuipa.

Mvua zilipoanza, mgeni akaja. Alinianza mimi, siku tatu baadaye akamshika Katungu. Homa, kikohozi, macho mekundu, halafu vipele. Jirani alisema ni surua. Mama akakataa. "Haiwezekani. Balichanjwa, kidole niliona na macho yangu." Akasema ni malaria, ni joto, ni chakula kibaya. Alinunua vidonge sokoni. Siku zilipita hivyo, kwa sababu ya kidole. Mimi nililala mkekani nikimsikia Mama akieleza watu kwamba sisi tumechanjwa, na mdomo wangu ulikuwa na vidonda, ndiyo, lakini haukushindwa kusema. Haukutaka.

Mimi nilipona. Katungu alipofikishwa hospitali, utando mweupe ulikuwa umeshafunika jicho la kushoto. Daktari alisema angeletwa mapema labda. Aliishia hapo, kwenye labda.

Sasa ngoja nikuambie kilicho kibaya kuliko vyote. Watu wa mtaa hawakujua kwamba Katungu hakuchanjwa. Waliona kidole, wakaona jicho, wakajumlisha. "Si Koko alisema? Chuma iliingia, mugeni akatokea ku macho." Watu wa chanjo waliporudi mwaka uliofuata, akina mama wa mtaa wetu waliwaficha watoto mashambani. Onyo la Koko lilitimia mbele ya wote, na ni mimi na Koko tu tuliojua kwamba lilitimia kwa uongo. Tangu siku ile hakumwaga tena majivu. Alikufa bila kusema, mimi nikaendelea kuishi bila kusema.

Miaka imepita. Mume wangu yuko Canada, na mwaka huu karatasi zake zimekubali kutuita, mimi na binti yetu Gloire wa miaka sita. Nilidhani kazi kubwa ni visa. Kumbe iko sindano. Bila karte ya manjano, kile kitabu kidogo cha homa ya manjano, huvuki, na sindano yake inataka siku kumi mbele ya safari ndipo ihesabiwe. Kisha kitabu cha chanjo za utoto za Gloire kilipotea wakati tulipokimbia vita kutoka Aveba, tulipokuwa tumekwenda kwa wazazi wa mume wangu. Ikabidi arudie karibu zote, surua ikiwemo. Kila moja na bei yake, na bei inasemwa kwa dola. Frigo nilikuwa nimeshauza. Zilibaki pagne, vile vitenge vya ndoa yangu.

Kuna bwana mmoja anashughulikia karatasi za wasafiri karibu na soko. Nilimweleza shida yangu. Akacheka kwa upole.

"Mama, juu ya nini utese mutoto? Nipe photo mbili, kesho unapata karte na tampon juu, muhuri kabisa. Hata tarehe tutaiweka nyuma. Ule wa aéroport, kule ku ndege, anaangaliaka karte, haangaliake mukono."

Nilimpa pesa, ndogo kuliko bei ya sindano, na kesho yake karte mbili zikaja, zina muhuri wa urujuani. Usiniulize kama niliomba kabla ya kufanya hivyo. Niliomba baada, niliomba tusikamatwe.

Katungu alikuja siku ile kupunguza mikono ya koti la Gloire. Yeye ni mshonaji, watu wanampelekea hata nguo za harusi. Akitia uzi kwenye sindano anageuza kichwa upande, kama kuku anayetazama mwewe juu, ili jicho zima lifanye kazi.

"Yaya," aliniambia, kama anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "baridi ya kule itakukula mpaka ukumbuke hata jua ya sokoni uliyotukana." Tukacheka. Kisha akaona karte mezani. "Mulichomwa lini?"

"Juzi."

"Gloire, leta mukono."

Mtoto akaleta. Katungu alipandisha shati, akageuza kichwa, akaukagua ule mkono kutoka bega hadi kiwiko. Kisha ule mwingine.

"Haiume hata, Tantine," Gloire alimwambia mama yake mdogo kwa furaha. "Mama alisema karte inatosha."

Maneno yaleyale. Nilikaa chini kwenye mfuko wa maharagi. Na mimi, baada ya miaka yote ile, nikamweleza: mstari, kabati, kisanduku cha bati, Koko na mate yake, Mama na kidole alichoamini. Nilipomaliza hakulia. Alikuwa bado ameshika mkono wa Gloire.

"Kumbe Mama alinipeleka kwa kuchelewa juu ya ile kidole," alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi miaka yote nimechukia batu ba sindano."

"Najua."

Aligeuza kichwa anitazame kwa jicho lake zima. "Kesho asubuhi tutaenda. Mutoto nitamushika mimi. Weye uko na woga, utamwachilia."

Zile karte nilizitia kwenye makaa, nikauza pagne. Tulikwenda kwenye chanjo na moto, ile pikipiki ya kukodi, watatu juu ya kiti kimoja. Nilichomwa wa kwanza ili Gloire aone, na nikaona aibu jinsi ilivyo kitu kidogo. Gloire alipiga kelele, akauma mkono wa nguo wa Katungu, Katungu akamkaza kifuani asitikisike. Karte mpya imeandikwa tarehe ya kweli, na hiyo kweli ina gharama yake: siku kumi hazikutimia kabla ya safari, tiketi ikabidi tubadilishe, tukaongeza pesa ambayo mume wangu aliikopa huku akinigombeza kwa simu. Ninapoandika haya zimebaki siku sita tuondoke. Jana mtoto alikuwa na homa kidogo, wananiambia ni kawaida ya dawa. Namgusa paji la uso kila saa. Sijui kama mpakani watakubali, sijui kama kule watataka sindano nyingine tusiyoijua. Nina hofu kama ya Koko, ila majivu sina.

Katungu hajasema kwamba amenisamehe. Koti amelimaliza, amelileta limekunjwa vizuri, na mfukoni ametia uzi wa akiba. Sijathubutu kuuliza huo uzi una maana gani.

Nimewaza sana juu ya Koko. Mambo ya chuma hakuyajua vizuri, lakini la kidole alilijua kuliko sisi wote. Ugonjwa hausomi chaki ya mlangoni wala muhuri. Na sikuwa na haki ya kujificha nyuma ya imani ya mwanamke aliyezika watoto watatu.

Mimi naondoka, sitakuwepo kwenye mtaa wetu watu wa chanjo wakipita tena. Wewe utakuwepo. Nakuomba kitu kimoja tu: mtoto akikunyooshea kidole chenye wino, usiseme Mungu asifiwe haraka. Lowanisha kidole gumba chako, usugue kwanza.