Mbuzi wa Takrima

Mwaka wa serikali uliisha Juni, na kazi ya kuandaa taarifa ya matumizi ya safari, takrima na mikutano nilipewa mimi, kwa sababu nilikuwa mgeni ofisini na nilitoka chuo kikuu. Wenzangu waliichukia. Mimi sikuichukia wala kuipenda. Ilikuwa kunakili tarakimu kutoka kwenye hati za malipo. Safari ya Bukoba, siku nne. Semina ya Mwanza, siku sita. Dizeli. Nilinakili hivyo tangu asubuhi mpaka nikaifikia hati ya mbuzi.

Mbuzi mmoja, ndizi mikungu mitatu, maharage, pombe ya rubisi madebe mawili. Mkutano wa kata, Nyakakika. Aliyepokea fedha: jina la mama yangu, na pembeni alama ya dole gumba.

Mbuzi huyo nilimla mimi pia. Siku ya mkutano wakubwa wangu walikula nyumbani kwetu, na mama alikataa hata kusikia habari ya malipo. Alimtoa mbuzi wake mkubwa, akawapa kahawa za kutafuna, akawasindikiza hadi kwenye gari. Pale kwenye gari mhasibu alimpa karatasi aweke dole. Nilidhani ni mahudhurio. Naye alidhani hivyo.

Jumamosi nilikwenda kumwambia. Nilitaka akasirike yeye, maana mimi nilikuwa nimejaribu nikashindwa. Nilimkuta kibanjani akipogoa migomba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekonda. Huko wanakula wao tu?"

Nikamweleza kwamba fedha za mbuzi zilitolewa kwa jina lake, na wamezila. Aliendelea kukata majani.

"Wameandika nimewauzia?"

"Wameandika umelipwa."

"Nakuuliza, wameandika nimewauzia wageni chakula?"

"Ndiyo."

Akaweka kisu chini. "Nyumbani kwa baba yako. Kama hoteli ya stendi."

"Mama, hawa wameiba."

"Wizi ni wao. Jina ni langu. Kalifute."

Nikamwambia karatasi zile huwekwa kabatini, hakuna anayezisoma.

"Wewe umeisoma," alisema.

Jumatatu nilimwendea mhasibu, mtu wa Muleba, mcheshi, ambaye sikuwahi kumwona amekasirika.

"Bwana msomi," alisema, "mbuzi kaliwa. Serikalini mbuzi haliwi hivihivi, lazima awe na mwenyewe. Nikimtoa mama yako, nimweke nani?"

"Rudisha fedha."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Zilikwenda Mwanza, kwenye semina. Na wewe si ulikuwepo? Posho uliihesabu mbele yangu ukasema asante."

Nilitazama viatu vyangu. Nilivinunua Mwanza.

Alifungua mtoto wa meza, akatoa hati mpya na pedi ya wino. Hakuwa na haraka. "Weka mwanamke yeyote wa Kaisho. Huko ni mbali."

Chuoni tulikesha tukibishana kuhusu dola na mkulima, na mimi ndiye niliyekuwa sinyamazi. Sasa nilichukua kalamu. Niliandika jina ambalo halikuwa la mtu yeyote niliyemjua. Nikabonyeza dole langu kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Ile hati ya kwanza mhasibu aliichana vipande vinne, akanikabidhi kwa mikono miwili kama zawadi. Nikarudi mezani kwangu kumaliza taarifa. Jumla haikubadilika hata senti.

Kesho yake niliomba ruhusa, nikapanda lori la kahawa hadi nyumbani. Mama hakujua kusoma. Alivipokea vile vipande, akavigeuza, akaliona dole lake, akavitia motoni kimoja kimoja.

"Sasa imeandikwaje?"

"Haijaandikwa."

Akaniletea maji ya kunawa. Nilinawa kwa sabuni mara mbili, na wino ule wa zambarau ukabaki palepale. Aliushika mkono wangu, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni. Nilingoja aniulize. Nilikuwa na uongo wa pili tayari, na haukuwa mzito kuubeba kuliko wa kwanza.

"Wangu ulitoka siku ya nne," alisema.

Akauachia mkono, akaepua chungu, tukala.