Nusu ya Boneti

Mimi naziba pancha. Kati ya kibanda changu na karakana ya Kioo kuna ukuta mmoja wa mabati, na mabati hayatunzi siri. Kioo ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwembamba, si mtu wa maneno, mwenye viganja vigumu kama vya mponda kokoto. Kazi yake ni kuyarudishia magari sura. Gari linakuja rangi imefifia, imejaa michirizi kama utando wa buibui. Linaondoka unaweza kuchania nywele mbele ya mlango wake. Jina lake lilitokana na hilo.

Kazi hiyo aliianzia kwa shemeji yake, mume wa dada yake wa pekee. Watu walimwita Profesa, si kwa kusoma bali kwa mdomo. Kioo aliosha magari pale miaka minne, akaruhusiwa kupolishi kidogo kidogo, na alikuwa na mkono mzuri. Labda kosa lake lilikuwa hilo.

Siku moja Profesa alikuwa akipolishi gari jekundu la daktari, mashine mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto, anacheka na mtu. Mashine ya kupolishi haitaki kusimama. Ikikaa mahali pamoja inachemsha rangi. Yeye aliisimamisha. Alipoiinua, ubavuni mwa gari palikuwa na kovu la kijivu, upana wa kiganja. Kioo alikuwa upande wa pili anafuta vioo. Dada mtu alikuwa mlangoni na chakula cha mumewe, ameona tangu mwanzo.

Daktari alipofika, Profesa alimnyooshea kidole shemeji yake. Alisema alimkataza msichana huyu kugusa mashine, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kisha akamwamuru apige magoti kwenye sakafu yenye maji, mbele ya wafanyakazi wote, aombe radhi. Kioo alimtazama dada yake. Dada akatazama chombo cha chakula. Kioo akapiga magoti.

Daktari alimwambia asiguse tena gari la mtu, na neno la daktari lina miguu. Mwaka mzima hakuna karakana iliyomfungulia lango. Alipokuja kupanga jirani nami alikuwa na ndoo mbili, mashine iliyotumika, na boneti kuukuu aliyoinunua kwa wauza vyuma chakavu. Boneti hiyo aliilaza juu ya mapipa mawili, akaifanyia kazi kila alfajiri kabla wateja hawajafika. Aliipolishi, akaikwaruza kwa msasa, akaipolishi tena. Kisha akawa anaiunguza makusudi. Nilidhani akili zimemruka. Akaniambia anataka mkono wake uijue rangi inapokaribia kufa: joto lake, harufu yake, jinsi sponji ya mashine inavyoanza kushika rangi. Nilimuuliza yote hayo ya nini.

"Kuna mtu namsubiri," alisema.

Alisubiri miaka sita. Wateja walikuja mmoja mmoja, na wengi walikuwa wametoka kwa Profesa. Kioo hakumsema vibaya hata siku moja. Aliwasha taa kali, akaisogeza karibu na rangi, mteja akajionea mwenyewe ile michirizi ya duara, halafu akauliza kwa upole sana, "Hili aliliosha nani?" Basi. Mteja anataja jina la Profesa kwa mdomo wake mwenyewe, na Kioo anaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa salamu. Nikimtania kwamba mwosha huoshwa, ananiambia bado maji hayajachemka.

Yalichemka Jumamosi moja. Mama mmoja mwenye kampuni ya kukodisha magari, tisa, yote meusi, alikuwa akitafuta fundi wa kuyatunza kwa mwaka mzima. Hakutaka maneno. Aliwaita Kioo na Profesa kwenye uwanja wa kampuni yake, akawaonyesha gari moja, akasema kila mtu achukue nusu ya boneti. Mimi nilikwenda kumsaidia Kioo kubeba taa. Profesa alikuja na mkewe, amevaa shati jeupe kama mwalikwa.

Kioo alitoa kipimo cha unene wa rangi, kidude kidogo kama simu, unakigusisha kwenye bati kinakupa namba. Akapima boneti nzima, hatua kwa hatua. Profesa akauliza kama gari lina homa, watu wakacheka. Upande wa kulia namba zilikuwa zinacheza kwenye mia na ishirini. Upande wa kushoto hivyo hivyo, mpaka karibu na taa ya mbele. Hapo zilishuka: tisini, themanini, sabini. Kuna fundi aliyewahi kupasugua pale mno. Rangi iliyobaki ilikuwa ngozi ya kitunguu. Niliiona namba. Kioo aliona kwamba nimeiona. Akakifuta kidude chake, akakitia mfukoni.

"Chagua upande, mdogo wangu," Profesa alisema. "Sisi wakubwa tutakula kitakachobaki."

"Kulia," alisema Kioo.

Akabandika tepu ya karatasi katikati ya boneti. Alipolishi taratibu, kila mara akigusa bati kwa mgongo wa mkono kupima joto. Profesa alikwenda kwa kasi huku akimweleza mwenye magari habari za wateja wake wakubwa. Alipofika karibu na taa, alikandamiza mashine ili pang'ae zaidi. Sponji ilianza kugeuka nyeusi. Kioo alizima mashine yake. Alikuwa na muda wa kusema neno moja tu, simama, na nilimwona akifunga mdomo.

Bati likatoa doa la kijivu.

Profesa alifuta, akafuta tena, kana kwamba ni uchafu. Mwenye magari akauliza nani amefanya hivi. Profesa aligeuka kulia, akageuka kushoto. Wafanyakazi wake hakuja nao.

"Ni mimi," alisema hatimaye.

Kioo alibandua tepu bila haraka, akamkabidhi mwenye magari taa, ajionee nusu ile nyingine. Kazi aliipata pale pale.

Tulipokuwa tunapakia vifaa, dada yake alimfuata. Macho yalikuwa mekundu. Alisema ameona jinsi alivyopima.

"Ulijua itakuwa hivyo?"

"Nilijua."

"Ungemwambia. Ni shemeji yako."

"Siku ile na wewe ulijua, dada," Kioo alisema. "Ulikuwa umesimama mlangoni."

Dada mtu akarudi kwa mumewe.

Habari ilienea mjini kabla ya jua kuzama. Mwaka haukuisha, Profesa alifunga karakana, sasa anauza vifuniko vya viti. Kioo ana magari tisa na mafundi watatu, na anasema wiki ile alilala usingizi ambao hakuwa nao miaka sita. Namwamini. Mwezi uliopita dada yake alijifungua mtoto wa kwanza, wa kike. Kioo alizisikia habari hizo kwa mteja aliyekuja kuosha gari. Aliuliza mtoto ana uzito gani. Mteja hakujua. Kioo akawasha taa, akainama juu ya mlango wa gari, akaendelea kutafuta michirizi.