Homa ya Kwenu, Homa ya Kwetu

Nilipomfuata mume wangu Mombasa, alikopata kazi bandarini, sikuwa na wasiwasi wa lugha. Mimi ni Mtanzania wa Songea, na Kiswahili nimekulia ndani yake. Wageni wengine wahangaike na kamusi zao, nilijisemea, mimi nitapita tu.

Mimba ikaja kunionyesha. Kwenye kliniki ya wajawazito, karani wa dirishani aliniomba kitambulisho, nikampa pasipoti, akaigeuzageuza kana kwamba nimemuuzia samaki wa jana. Nilimwita muuguzi "nesi", hakugeuka. Wenzangu wakamwita "sista", akageuka. Na jirani yangu wa Mji wa Kale, mama wa makamo aliyenichukua kama mwanawe, kila asubuhi aliniuliza kutoka barazani kwake, "Mwana ateza?" Mwanzoni nilidhani anauliza habari za mtoto wa mtu mwingine. Kumbe anauliza kama mtoto anacheza tumboni. Nilicheka, nikazoea, nikajiona nimehitimu.

Binti yetu akazaliwa salama. Asubuhi moja, siku yake ya chanjo, akaamka mwili unachemka. Ziwa alilikataa, na kilio chake kilikuwa chembamba, si kile cha kawaida. Nilimpigia mama yangu simu Songea, akaniambia nihakikishe mtoto anaangaliwa homa hiyo kabla ya kuchomwa sindano yoyote. Jirani alivaa buibui lake akafuatana nami, tukapanda tuk-tuk hadi kliniki.

Sista wa siku ile alikuwa dada mdogo kutoka bara, mpole, aliyechoka mapema. Foleni ilifika hadi mlangoni.

"Sista, mtoto ana homa."

"Pole, mama." Mikono yake ilikuwa inatayarisha sindano. "Watoto wengi wako na homa saa hii. Haizuii chanjo."

"Ana homa kali!"

"Mnyonyeshe tu, itaisha yenyewe."

Damu ilinipanda. Nilijisemea moyoni ni ile pasipoti, hakuna lingine. Mtoto wa mgeni akiungua, na aungue. Nikarudia neno lile lile kwa sauti kubwa zaidi, homa, homa, kama watu wanavyompigia kelele mtu asiyejua lugha. Foleni nzima ikageuka kunitazama. Sista akarudia tena, polepole, kwamba homa si kitu. Na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Niliogopa kwamba mwanangu atanifia mikononi mbele ya watu wanaoelewa kila neno ninalosema.

Jirani yangu alikuwa ameketi kwenye benchi akitusikiliza sote wawili. Aliinuka, akaushika mkono wa sista bila kuomba ruhusa, akauweka juu ya paji la uso la mtoto.

"Mwana huyu awaka moto, sista. Homa asemayo mamake ni hii. Hiyo yako wewe, kwao yaitwa mafua."

Uso wa sista ulibadilika. Sindano ikarudi kwenye trei, kipimajoto kikatoka, na foleni ikaambiwa ingoje. Tulipelekwa moja kwa moja kwa daktari, akamtazama mtoto masikio na kukuta moja limevimba ndani, limeiva. Tulipewa dawa, na chanjo ikaahirishwa.

Sista alitusindikiza hadi mlangoni. "Nilidhani unasema makamasi," aliniambia. "Kwetu mtu akiwa na homa ni kukohoa na makamasi." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nilikuwa nimetayarisha maneno makali ya kumwambia, na sasa sikujua niyapeleke wapi. Hakunidharau. Alinijibu vizuri kabisa swali ambalo sikuwa nimeuliza. Jambo hilo lilinitisha kuliko dharau, maana dharau ningeijua mapema.

Mtoto alipona, tukarudi kwa chanjo. Tangu siku hiyo, kila aliponiona naingia, sista aliuliza kwanza, "Leo ni homa gani, mama, ya kwenu ama ya kwetu?" Nami nilimjibu kwa kujishaua kwamba leo sina hata moja, nimekuja kupima uzito tu.

Sasa binti yetu anasoma chekechea. Juzi alirudi kutoka shuleni, akautupa mkoba, akaniegemea pajani.

"Mama, niko na homa."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye paji la uso wake kabla sijafikiri, nikashika shingo, nikashika mgongo. Kulikuwa baridi kote. Alinitazama kwa mshangao, kwa nini naitafuta homa kichwani na mgongoni, ilhali makamasi yanamshuka hadi mdomoni.

Nilimfuta kwa pindo la kanga, nikamwambia pole. Ilikuwa homa ya kwao.