Kabureta ya Watu Wote

Miaka ya tisini nilitafuta gari dogo kuukuu, linalovuta kwa magurudumu yote manne, la kunifikisha Mbita wakati wa mvua. Nikaliacha la injeksheni, linalojipimia mafuta lenyewe, nikanunua la kabureta. Sababu yangu ilikuwa moja: kabureta, mtu yeyote anaitengeneza.

Na kweli, walitengeneza. Nikisimama Rongo, Awendo, hata nje ya kanisa siku ya Sabato, mwanamume nisiyemjua alifungua boneti, akasema, "Hii inakula mafuta mingi," akakaza skrubu ya kabureta inayopima mafuta. Wa mji uliofuata aliilegeza.

Jirani yangu alikuwa na la injeksheni. Watu waliliogopa. Likawaka kila asubuhi.

Mwishowe niliuza langu. Mnunuzi, kabla hata ya kuliwasha, aliniomba bisibisi.